Hifadhi ya muda inapofutwa: barua zenu za mwezi huu

Karibu barua zote za mwezi huu zimehusu TPS, ile hifadhi ya muda ambayo Marekani huwapa raia wa nchi zilizo vitani au zilizopigwa na maafa, ili waliokwisha kufika huko wasirudishwe na wapate ruhusa ya kufanya kazi. Nimechagua nne. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za uhamiaji, si wakili. Nitakayosema ni sheria kama ilivyoandikwa na kama ninavyoiona ikitumika siku zote nikiwa nimekaa kati ya hakimu na mtu anayeulizwa maswali. Jambo lako binafsi lipeleke kwa wakili. Naandika tarehe 10 Desemba 2025, na mambo haya yanabadilika wiki kwa wiki.

SWALI: Bi Mkalimani, asalaam alaykum. Mimi ni Mbajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, kusini mwa Somalia. Nilikuja Minneapolis 2016 kwa viza ya mwanafunzi, karo ikanishinda, nikabaki kwa TPS ya Somalia. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Tarehe 21 Novemba Rais Trump aliandika kwamba TPS ya Wasomali wa Minnesota imekwisha papo hapo. Nilipoingia zamu msimamizi akaniuliza kama bado nina ruhusa ya kazi. Shemeji yangu wa Columbus anasema nihamie Ohio, kwa kuwa tangazo limetaja Minnesota tu. Mke wangu ni Mkenya wa Mombasa, ana kadi ya kijani, na mwakani atafikisha muda wa kuomba uraia. Nihame? Na ikifika Machi nitakuwa nani? — Mbajuni wa Minneapolis

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usihame. Kaa na mkeo, nenda kazini, na kadi yako ya kazi iwe mfukoni kila utokapo.

TPS hutolewa kwa nchi anayotoka mtu, si kwa jimbo analolala. Sheria yake ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1990, na haina kifungu cha kuifuta Minnesota ikaiacha Ohio. Wala haifutwi kwa maneno ya mtandaoni, hata yakiwa ya rais. Mwenye mamlaka ni Waziri wa Usalama wa Ndani, ambaye ninapoandika haya ni Kristi Noem. Anatakiwa ashauriane na idara nyingine kuhusu hali ya nchi husika, aamue, kisha uamuzi uchapishwe katika gazeti rasmi la serikali. TPS ya Somalia ilianza Septemba 1991, miezi michache baada ya Rais Siad Barre kukimbia Mogadishu, na muhula wake wa sasa unaishia 17 Machi 2026. Waziri anapaswa awe ameamua siku 60 kabla, yaani kufikia katikati ya Januari. Asipoamua, muhula unajirefusha kwa miezi sita. Akiamua kufuta, bado hutapoteza chochote kabla ya 17 Machi.

Msimamizi wako akiuliza tena, muonyeshe kadi ya kazi. Tarehe iliyochapishwa juu yake ndiyo inayomhusu. Mwajiri hana haki ya kukuachisha kazi, wala ya kukudai karatasi za ziada, kwa kuwa amesikia habari kwenye televisheni.

Hata hivyo sitaki nikulaze usingizi. Mwaka huu Waziri alifanya kwa Wavenezuela jambo ambalo halijawahi kufanywa tangu sheria hii itungwe: alibatilisha nyongeza ya muda ambayo mtangulizi wake alikwisha kuitoa. Jaji Edward Chen wa San Francisco akaona hana mamlaka hayo. Mahakama Kuu ya nchi, tarehe 19 Mei na tena 3 Oktoba, ikaruhusu serikali iendelee wakati kesi zikisikilizwa. Watu mamia ya maelfu wakapoteza ruhusa ya kazi kesi ikiwa bado haijaisha. Kwa hiyo panga mambo yako kama mtu ambaye tarehe 17 Machi ndiyo ya mwisho, na ikisogea mbele umshukuru Mungu.

Tazama pia idadi. Wasomali wenye TPS nchi nzima ni kama 700. Minnesota peke yake ina watu wa asili ya Somalia wapatao 80,000, na walio wengi ni raia, wakiwemo maelfu waliozaliwa hapo hapo. Tangazo lile lilihusu watu wachache sana lakini liliwatisha wote, na siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, rais yule yule akawaita Wasomali takataka mbele ya baraza lake la mawaziri. Kina mama pale Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali wa Minneapolis, wenye pasi za Marekani, sasa wanatembea nazo kwenye mkoba kwenda kununua unga. Hilo limeniumiza, na nasema wazi kwamba haiwezekani kuujadili mwisho wa TPS ya Somalia kana kwamba maneno hayo hayakusemwa.

Sasa swali lako la Machi. TPS ikiisha, mtu hurudi pale alipokuwa kabla ya kuipata. Wewe ni mtu aliyeingia kwa viza, akakaguliwa uwanja wa ndege, akapigiwa muhuri, kisha akapitisha muda wake. Huo muhuri ni mali yako kubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2021, katika kesi ya Sanchez dhidi ya Mayorkas, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walikubaliana kwamba TPS yenyewe haihesabiwi kuwa ni kuingia nchini kihalali. Aliyepita mpakani kwa siri kisha akapewa TPS hawezi kuitumia hiyo kudai kadi ya kijani ndani ya Marekani. Lakini wewe uliingia kwa mlango. Mkeo akishakuwa raia, anaweza kukuombea ukae, na ule muda uliopitisha husamehewa kwa mume au mke wa raia. Kenya haimo katika nchi 19 ambazo maombi ya uhamiaji ya raia wake Marekani imeyasimamisha tangu tarehe 2 Desemba. Somalia imo, kwa hiyo fomu zako wewe zinaweza kukaa mezani muda mrefu. Ziwasilishe hata hivyo zamu yake ikifika, maana kusimamishwa si kukataliwa. Na mkeo aanze sasa kujisomea: anayeomba uraia leo huulizwa maswali 20 badala ya 10 ya zamani, na lazima apate 12.

Jambo la pili, na ndilo wengi hawalijui, ni ombi la hifadhi ya ukimbizi. Kwa kawaida ombi hilo linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Lakini kanuni inasema aliyekuwa na TPS ana sababu ya kusamehewa kuchelewa, mradi aombe ndani ya muda wa kuridhisha baada ya TPS kuisha. Ukingoja mwaka mzima baada ya Machi, mlango huo utakuwa umejifungia mwenyewe. Maamuzi ya idara ya uhamiaji kuhusu maombi hayo yamesimamishwa kwa sasa, lakini kupokea maombi hakujasimama. Muone wakili Januari.

Na utakapoonana naye usiseme "naogopa vita" ukaishia hapo. Vita peke yake havitoshi. Sheria inataka kujua kama utadhurika kwa sababu ya kabila lako, dini yako, siasa yako au kundi lako. Wewe ni Mbajuni. Eleza visiwa vyenu vilivyovamiwa na wanamgambo baada ya 1991, mashua na nyavu zilizochukuliwa, wazee walioambiwa nchi si yao. Mwambie wakili tangu mwanzo kwamba Kisomali chako ni cha kuokoteza na lugha ya mamako ni Kibajuni. Nimeona Wabajuni na watu wa Barawa wakipangiwa mkalimani wa Kisomali kwa kuwa tu faili imeandikwa Somalia, wakababaika mbele ya hakimu, kisha kubabaika huko kukachukuliwa kuwa ni uongo. Ni haki yako kuomba mkalimani wa Kiswahili. Iombe kwa maandishi, na mapema.

SWALI: Bi Mkalimani, salaam. Nakusoma kila mwezi, ila leo naomba tupingane. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kasulu, na sisi tumeishi na wakimbizi tangu nikiwa kijana. Hifadhi hiyo ilitolewa kuwa ya muda, na kila aliyeipokea aliambiwa hivyo. Watu wa Honduras wameikalia tangu kimbunga cha 1998! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Serikali ikisema sasa basi, kwa nini watu walie kana kwamba wamedhulumiwa? Na mimi naona hatari nyingine: nchi ikishindwa kumaliza ilichokiita cha muda, safari ijayo itaogopa kusaidia kabisa. — Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ya mwisho ni nzito na siwezi kuipita kando. Ni kweli kabisa kwamba msaada wa dharura usio na mwisho huwafanya wanasiasa waogope kuutoa tena. Na ni kweli kwamba TPS zimewahi kumalizwa, zikamalizwa vizuri, wala hapakuwa na kilio. Rwanda ilipewa Juni 1994, ikafutwa mwishoni mwa 1997. Majirani zako wa Burundi waliipata mwaka 1997, vita vikiwa vimepamba moto, na ikafutwa baada ya mapatano ya Arusha, uchaguzi wa 2005 na silaha kunyamaza. Waliambiwa Oktoba 2007, na mwisho wenyewe ukawa 2 Mei 2009. Miezi 18 na zaidi ya kujipanga, kuuza gari, kuwahamisha watoto shule, au kutafuta njia nyingine ya kisheria. Mimi naunga mkono kumaliza kwa namna hiyo.

Sasa linganisha na Honduras uliyoitaja. Kimbunga Mitch kiliua zaidi ya watu 11,000 Amerika ya Kati, na TPS yao ikaanza Januari 1999. Ikarefushwa na serikali za vyama vyote viwili, muhula baada ya muhula. Kila mara mtu alilipa ada, akachukuliwa alama za vidole, akachunguzwa kama ana kosa la jinai, kwa maana kosa kubwa moja au madogo mawili yanatosha kumnyang'anya. Watu zaidi ya 50,000 walipita mchujo huo mwaka baada ya mwaka. Kisha Julai 2025 wakapewa siku 60. Mahakama zikavutana, ya rufaa ikaiacha serikali iendelee. Miaka 26, halafu siku 60. Mwalimu, hata mpangaji wa chumba kimoja Kasulu mjini angeona ameonewa.

Lakini urefu wa muda si kiini cha ugomvi wangu. Kiini ni ukweli. Sheria haimwambii Waziri atazame kama wageni wamekaa mno. Inamwambia atazame kama hali iliyowaleta imekwisha. Chukua Haiti, ambayo iliingizwa baada ya tetemeko la Januari 2010 na ina watu kama 330,000 katika mpango huu. Mwezi Juni Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kwamba Haiti imekuwa salama kiasi cha watu kurudi. Wakati huo huo Wizara ya Mambo ya Nje ya serikali hiyo hiyo inawaambia Wamarekani wasiende Haiti kwa hali yoyote, na mamlaka ya anga inazikataza ndege za Marekani kutua Port-au-Prince tangu zilipopigwa risasi Novemba 2024. Jaji mmoja wa Brooklyn alizuia mwisho usiletwe mapema kuliko muda uliokwisha kutangazwa. Mwezi uliopita ukaja uamuzi mwingine wa kufuta kuanzia 3 Februari 2026, safari hii kwa hoja kwamba hata kama hali ni mbaya, kuwaacha wabaki ni kinyume cha maslahi ya taifa. Angalau hiyo ni hoja inayoweza kujadiliwa kwa uwazi. Ile ya kwanza, ya usalama, ilikuwa haina msingi, na mtu anayeambiwa arudi nyumbani kwa sababu isiyo kweli amedhulumiwa, hata kama serikali ina haki ya kumaliza.

Na kuhusu jembe, mzee wangu, methali yako inanisaidia mimi. Hawa wamepewa jembe tangu siku ya kwanza, na wanalima. TPS haina posho wala chakula cha bure. Ina ruhusa ya kazi. Ndiyo maana wako kwenye viwanda vya nyama, kwenye nyumba za wazee, juu ya mapaa ya nyumba zinazoezekwa. Springfield, Ohio, mji uliokuwa ukipungukiwa watu, viwanda vyake vilipata mikono kwa Wahaiti, na malipo yao yakawa uongo kwamba wanakula mbwa na paka wa wenyeji, uliosemwa mbele ya nchi nzima Septemba 2024. Methali haisemi kwamba mgeni akishalima shamba afukuzwe kabla ya kuvuna.

Wewe wa Kigoma unaijua historia nyingine kuliko mimi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, nao walikuwa wa muda. Walikata msitu, wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi, wakazaa. Baada ya zaidi ya miaka 30 serikali ya Tanzania iliwauliza nani anataka kurudi na nani anataka kubaki, na kuanzia 2014 ikawagawia vyeti vya uraia watu zaidi ya 160,000. Waliotaka kurudi walirudi. Ilikuwa na kasoro zake, ilicheleweshwa na ilipigwa siasa, lakini najivunia jambo lile kila ninaposikia Wamarekani wakisema haiwezekani. Tanzania, nchi yenye kipato kidogo kuliko kaunti moja ya California, iliweza.

Bunge la Marekani lingeweza vilevile. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuwapa wenye TPS njia ya ukaazi wa kudumu mwaka 2019, likapitisha tena 2021. Seneti haikuupitisha. Msimamo wangu ndio huo: nchi ikitulia kweli, malizeni, kwa notisi ya kutosha. Aliyekwisha kukaa miaka kumi na zaidi bila kosa, mpeni njia ya kubaki. Kinachonikera ni kuona wabunge wakiukalia muswada kwa miaka, kisha wanasimama kulalamika kwamba watu wa muda wamekuwa wa kudumu.

SWALI: Mama Mkalimani, jambo. Miye ni Mukongomani wa Uvira, tulifika Louisville 2018 kutoka kambi ya Nakivale, kwa njia ya HCR, shirika la UN la wakimbizi, na watoto wangu wanne. Kanisani kuna bwana anasema TPS ya Kongo imetoka kwa sababu ya vita ya Goma, kila mtu alipe dola 700 ajaziwe fomu. Wengine wamekwisha toa feza. Na miye nilipe? Na kama wanafuta hizo TPS, sisi pia tutafukuzwa? — Mama wa Uvira

JIBU: Mama, usilipe hata senti moja. TPS ya Kongo haipo, na haijawahi kuwapo. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, maiti zilizikwa kwa mamia, na bado Kongo haikuwekwa kwenye orodha. Hilo linaniuma, lakini uamuzi wa kuiweka nchi umo mikononi mwa Waziri, hakuna anayeweza kumlazimisha, na Waziri Noem anafuta, haongezi. Anayejaza fomu ya kitu kisichokuwapo anapeleka jina na anwani ya mtu serikalini bila faida yoyote. Waambie waliolipa wadai fedha zao, na wamwambie pasta jambo hili mbele ya watu wote.

Ninyi mlikuja mkiwa wakimbizi mliokwisha kukubaliwa kabla ya kupanda ndege. Hiyo si TPS na haifi pamoja nayo. Bila shaka mlipata kadi za kijani, kwa kuwa mkimbizi huomba baada ya mwaka mmoja, tena bila ada. Kwa miaka mliyokaa mnaweza kuomba uraia, na nakusihi uombe, wewe kwanza. Watoto walio chini ya miaka 18, wanaoishi nawe na wenye kadi ya kijani, huwa raia siku mama anapokuwa raia. Ndugu zako waliofika baadaye, kati ya Januari 2021 na Februari 2025, wajue kwamba serikali imesema itazipitia upya faili zao. Wasiandike jambo lolote jipya linalopingana na waliyosema kambini kabla ya kuonana na wakili.

SWALI: Bi Mkalimani, shikamoo. Mimi ni kijana wa Sudan Kusini, lakini nilikulia Kakuma na Kiswahili ndicho kilichonilea shuleni. Nilifika Nebraska 2022 kusoma. Sasa nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Omaha. TPS yetu inaisha 5 Januari. Serikali inasema Sudan Kusini ina amani mpya, na inatoa tiketi na dola 1,000 kwa atakayeondoka mwenyewe. Juba sijawahi kuishi. Nilitolewa Bor nikiwa mgongoni mwa mama, na mama bado yuko Kakuma. Nichukue hizo pesa? Na wewe unaiamini hiyo amani? — Kijana wa Kakuma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siiamini. Machi mwaka huu mapigano yalizuka Nasir, makamu wa kwanza wa rais Riek Machar akafungiwa nyumbani kwake, na Marekani yenyewe ikawaamuru wafanyakazi wake wasio wa lazima watoke Juba. Septemba Machar akashtakiwa kwa uhaini na mauaji. Miezi miwili baadaye ndipo lilipochapishwa tangazo la amani mpya. Ninyi wenye TPS ya Sudan Kusini nchi nzima ni mia mbili na kidogo. Siwezi kuelewa taifa la watu milioni mia tatu na ushei linapunguziwa mzigo gani kwa kukuondoa wewe kwenye kitanda cha mzee wa Omaha anayekungoja umgeuze asipate vidonda.

Kuhusu pesa, sikiliza kwa makini kabla hujabonyeza chochote kwenye simu. Dola hizo hulipwa baada ya kuthibitika kwamba umekwisha kuondoka. Tiketi itafuata pasi yako, na pasi yako ni ya Sudan Kusini, kwa hiyo utashushwa Juba. Kenya ilikupa hifadhi, haikukupa uraia, na kutoka Juba hadi kwa mama yako Kakuma ni safari utakayojitafutia mwenyewe, kwenye barabara ambazo wenyeji wanazikwepa. Na hutarudi Marekani. Tarehe 5 Aprili Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alifuta viza zote za wenye pasi ya Sudan Kusini. Najua habari za wale wanane waliofikishwa Juba Julai baada ya kuwekwa wiki kadhaa Djibouti zimekutia hofu. Mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa wa huko. Wao walikuwa na hukumu za makosa makubwa na amri za kuondolewa, wewe huna lolote kati ya hayo, kwa hiyo usiamue kwa kutazama picha zao.

Fahamu hesabu ya siku pia. Muda uliokaa chini ya TPS hauhesabiwi kuwa wa kukaa bila ruhusa. Ikishafutwa, hesabu inaweza kuanza, na atakayetoka baada ya kuzidisha siku 180 hufungiwa miaka mitatu, akifikisha mwaka hufungiwa kumi. Kwa hiyo hata kama mwisho utaamua kuondoka, huna sababu ya kukurupuka kabla ya Januari. Una nafasi ya kufikiri.

Ninachokushauri ni kuwasilisha ombi la hifadhi kabla ya 5 Januari, TPS ikiwa bado hai, ili kusiwe na ubishi kuhusu ule mwaka mmoja nilioueleza kwenye barua ya kwanza. Mtumie mama ujumbe leo akupigie picha kadi ya posho ya Kakuma, cheti cha ukimbizi cha familia, vyeti vyako vya shule na barua yoyote inayoonyesha mlitoka Bor lini na kwa nini. Kama yupo mjomba au jirani aliyeshuhudia, aandike kwa Kiswahili au Kidinka, aweke sahihi, tafsiri itafanywa huku. Usimwachie mtu akuandikie kisa chako kwa kunakili cha mwingine. Nimewasikia waendesha mashtaka wakisoma visa viwili vinavyofanana neno kwa neno, na hapo ndipo mtu mkweli anapopotea.

Upande wa kazi nitakueleza bila kukuficha. Ruhusa ya kazi ya mwombaji hifadhi haiombwi mpaka zipite siku 150 tangu ombi lipokewe. Kati ya Januari na hapo utakuwa na miezi ambayo mwajiri hawezi kukuweka kihalali. Zungumza naye sasa, akiwa bado anakuhitaji, umuulize kama atakurudisha karatasi zikitoka. Zungumza pia na jumuiya yenu ya Omaha kuhusu kodi ya nyumba, na umwambie mama ukweli kwamba pesa za mwezi zitakatika kwa muda, asije akadhani umemsahau. Kesi inaweza kufunguliwa mahakamani kuupinga uamuzi huu, kama zilivyofunguliwa kwa Haiti na Venezuela, na ikifunguliwa nitawaarifu hapa. Usiisubiri. Mashirika yanayotoa wakili wa bure hufunga sikukuu, na orodha zao za kungoja ni ndefu, kwa hiyo piga simu kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Useme mwanzoni kabisa mwa mazungumzo kwamba TPS yako inaisha 5 Januari, maana wenye tarehe ya karibu hutangulizwa.